Chungu Kizito, Majani Yaliyonyauka

Harufu ndiyo iliyonisimamisha.

Ilikuwa asubuhi. Nilikuwa nimeinama juu ya gadenia yangu, kichaka cha chunguni chenye maua meupe yanayonukia, jagi la maji mkononi, kama nilivyoinama kila asubuhi kwa wiki tatu mfululizo. Majani yalikuwa yamelegea, yananing'inia kama nguo zilizoanikwa siku isiyo na upepo. Mmea una kiu. Yeyote angeutazama angesema hivyo. Kabla sijamimina, pua ikanasa uvundo wa maji yaliyotuama, kama wa chombo cha maua ya kukatwa kilichosahaulika pembeni hadi mabua yakaoza ndani yake.

Nikaweka jagi chini. Nikazamisha kidole kwenye udongo. Ulikuwa wa baridi, umelowa chepechepe, na kidole kikatoka na tope.

Udongo umejaa maji, na mmea umenyauka.

Nimezunguka na picha hiyo kichwani kwa wiki nyingi sasa. Ninaosha vyombo, inanijia. Ninajilaza, inanijia. Si kwa sababu mmea ulikaribia kufa, mimea hufa. Ni kwa sababu niliukosesha pumzi kwa mikono yangu, kwa upendo, huku nikiamini kila siku kwamba ninauokoa.

## Kikombe kimoja kila asubuhi

Nilikuwa na utaratibu, na niliuonea fahari. Kikombe kimoja cha maji kila asubuhi, kabla ya kitu kingine chochote. Haukupita mwezi majani ya chini yakaanza kugeuka manjano, moja moja. Nikafikiri maji hayatoshi. Vikawa vikombe viwili.

Sasa naona kosa lilikuwa wapi. Ratiba inaijua siku, haiujui mmea. Siku ya jua kali na upepo mkavu, kichaka hicho hicho huvuta maji maradufu ya siku ya mawingu iliyotulia. Kikiwa kinachipua kinakunywa sana. Kikiwa kimepumzika kinaonja tu. Mimi nilikipimia kikombe kile kile siku zote, na kilichobaki kikashuka chini ya chungu na kukaa huko.

Kisha kulikuwa na kisahani. Kila nilipomwagilia, maji kidogo yalitokea chini na kubaki kisahanini, nami nikayaacha nikidhani ni akiba ya mmea. Kumbe chungu kilichosimama ndani ya maji huyavuta tena juu kupitia tundu. Sehemu ya chini, mizizi ilikojikusanya, haikuwahi kupata hata siku moja ya kukauka kidogo.

## Kunyauka kuna sura moja

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu. Maji yamejaa tele. Iweje majani yalegee kwa kuyakosa?

Jani husimama kwa sababu seli zake zimejaa maji, kama mpira uliojazwa upepo. Mchana kutwa maji hayo huvukia kupitia vitundu vidogo vya jani, na mizizi inapaswa kuleta mengine. Lakini mzizi ni kiungo hai. Unapumua. Unahitaji oksijeni ili uishi na ufanye kazi yake, na oksijeni hiyo huipata katika nafasi ndogondogo zilizo kati ya chembe za udongo. Nafasi hizo zikijaa maji, mzizi unakosa hewa, maana oksijeni hupenya majini polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko inavyopenya hewani.

Mzizi uliokosa hewa huacha kufanya kazi, kisha hufa, kisha vimelea vinavyopenda unyevunyevu humalizia kuuozesha. Juu kule majani yanaendelea kupoteza maji na hakuna anayeyaletea mengine. Yananyauka.

Jani halijui kwa nini maji hayaji. Linalegea tu. Kwa hiyo anayesoma majani peke yake anaona ishara moja yenye maana mbili zinazopingana, na akikosea, tiba yake ndiyo inayoua.

Kuna na kunyauka kwa tatu, na huku hakuna ubaya. Saa ya jua la utosi, majani machanga hulegea hata udongo ukiwa na unyevu wa kutosha, kwa sababu yanapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Jua likipoa yanasimama yenyewe. Nami nilikuwa nikiyakimbilia na jagi saa nane mchana.

## "Hebu kinyanyue"

Nilimpigia simu shangazi yangu. Ametunza maua tangu kabla sijazaliwa, na hapendi maelezo marefu.

"Shikamoo, shangazi. Gadenia yangu inakufa. Nimeimwagilia, imenyauka vilevile."

"Marahaba, mwanangu. Chungu ni kizito au chepesi?"

Nikaanza kumweleza rangi ya majani, yapi yameanguka, yapi yamebaki.

"Sijakuuliza majani. Hebu kinyanyue."

Nikaweka simu kwenye spika, nikakumbatia chungu, nikavuta. Kilikuwa kizito kama mtungi uliotoka kisimani.

"Kizito, shangazi."

Kimya kidogo. Kisha akasema taratibu, kwa sauti ya kumpa mtu pole, "Basi hiyo haina kiu. Itoe uitazame mizizi."

Wiki zote zile nilikuwa nimeutazama mmea kwa macho tu. Sikuwahi hata mara moja kukinyanyua chungu.

## Mizizi

Nilitandaza gazeti sakafuni, nikakilaza chungu ubavu, nikakigongagonga hadi bonge la udongo likateleza nje. Ile harufu ikajaa chumba.

Mizizi mizima ya gadenia ni migumu kidogo ukiibana, na rangi yake ni nyeupe au ya maziwa yaliyotiwa chai. Niliyoikuta chini ilikuwa ya kahawia iliyokolea, laini, na nilipoivuta ganda lake lilichomoka kama mkono wa shati, likaacha uzi mwembamba katikati. Hiyo imekufa. Nilikata kwa mkasi uliosafishwa, mzizi baada ya mzizi, hadi nikafika kwenye mizima. Sitasahau rundo lililobaki juu ya gazeti. Lilikuwa karibu nusu.

Nilisita sana hapo. Je, nikate na matawi, ili mizizi michache iliyosalia isilemewe na majani mengi? Au niyaache, kwa kuwa ndiyo yatakayotengeneza chakula cha kuotesha mizizi mipya? Nilikaa na mkasi mkononi dakika nyingi. Mwishowe nikaondoa tu matawi yaliyokwisha kukauka na yale yaliyosongana, nikaacha mengine. Siwezi kuapa kwamba ndio uamuzi bora. Ndio niliouweza.

Nikauhamishia kwenye chungu kidogo zaidi, na hili lilinigharimu kukubali, maana chungu kikubwa ndicho nilichokiona kama ukarimu. Lakini mmea mdogo katika udongo mwingi hauwezi kunywa maji yote yaliyomo, na yasiyonyweka yanabaki kuizingira mizizi. Chungu kinatakiwa kuizidi mizizi kwa vidole viwili hivi pande zote, basi. Nikachanganya udongo upya: piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu, magome ya miti yaliyokatwa vipande vidogo, na perlaiti, zile punje nyeupe nyepesi zinazoacha nafasi za hewa. Mbolea sikutia. Mizizi yenye vidonda haihitaji chumvi za mbolea.

## Sponji

Nilitaka pia kutandaza kokoto chini ya chungu, kama nilivyoona watu wakifanya tangu utoto wangu, ili maji yapate pa kushukia. Shangazi akanikataza, na safari hii nikamwuliza sababu. Akaniambia nichukue sponji ya kuoshea vyombo.

Ijaribu mwenyewe. Lowesha sponji ya mstatili hadi ishibe, ishike ikiwa bapa, usiibane. Itadondosha maji, kisha itaacha. Sasa igeuze isimame kwa upande wake mrefu. Itaanza kudondosha tena. Ikiacha, isimamishe kwa ncha yake fupi. Inatoa mengine.

Sponji ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo.

Udongo wa chunguni hufanya vivyo hivyo. Maji yakiacha kudondoka chini hayajaisha. Tabaka la chini kabisa limebaki limeshiba, kwa sababu vijitundu vya udongo vinayashika kwa nguvu kuliko uzito wake unavyoyavuta. Unene wa tabaka hilo unatokana na udongo wenyewe, si ukubwa wa chungu. Chungu kifupi na kipana kina sehemu kubwa iliyozama. Chungu kirefu chenye udongo ule ule kina nafasi zaidi ya hewa juu yake. Ukitandaza kokoto, maji hayaingii kwenye matundu makubwa ya kokoto hadi udongo ulio juu yake uwe umeshiba kabisa. Tabaka lenye maji linapanda tu na kuisogelea mizizi.

Kokoto nikazirudisha nje.

## Kosa la pili

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Lakini niliponea mafuriko nikaangukia ukame.

Uoga ulinikamata. Nilikuwa sitaki kabisa kuusikia ule uvundo tena, basi nikawa nangoja, kisha nangoja tena, na hata udongo ulipobadilika rangi juu nikasema bado, acha ikauke vizuri. Gadenia ilikuwa imeanza kufufuka. Majani mapya ya kijani kinachong'aa yalikuwa yametokea, na kwenye ncha nikahesabu matumba tisa. Tisa! Nikayaona kama msamaha.

Siku moja majani yakalegea. Nikanyanyua chungu: chepesi. Nikafurahi kwamba sasa najua kusoma. Nikamimina maji na kuyaona yakitoka chini baada ya sekunde chache tu, kisahani kikajaa, nikakimwaga kama nilivyofundishwa, nikaenda zangu na moyo mweupe.

Kesho yake majani yalikuwa vilevile, na matumba mawili yamelala sakafuni.

Nikakinyanyua tena. Chepesi, kama vile sikukimwagilia kamwe.

Piti ikikauka kupita kiasi hubadilika tabia. Hunywea, ikajitenga na ukingo wa chungu, na uso wake unayakataa maji badala ya kuyanywa. Jagi langu zima lilikuwa limeteremka kwenye ufa uliozunguka chungu na kutokea tunduni. Katikati, palipo mizizi, hapakufika kitu. Maji yaliyotoka chini yalinihakikishia kwamba yametoka. Kwamba yamepita penye mizizi, hilo hayakuniambia.

Dawa yake ilikuwa beseni. Nililijaza maji yasiyo baridi sana, nikakizamisha chungu hadi maji yakakaribia ukingo wake, nikakaa kando. Viputo vikaanza kupanda, kwanza vingi kwa fujo, kisha kimoja kimoja. Nilivitazama karibu nusu saa. Vilipokoma nikakiinua, nikakiacha kichuruzike hadi tone la mwisho.

Nilipokuwa nikitazama viputo vile ndipo nilipoelewa jambo ambalo shangazi alikuwa analizunguka bila kulitamka. Kila mahali palipotoka kiputo, maji yameingia. Na maji hayo yakichuruzika na kunywewa, hewa mpya itafyonzwa kuchukua nafasi yake. Unapomwagilia vizuri, kwa wingi na hadi maji yatoke chini, unaisukuma nje hewa iliyochoka ya udongoni na kuivuta ndani hewa safi nyuma ya maji yanayoondoka. Kikombe changu cha kila asubuhi hakikuwahi kufanya hivyo. Kilikuwa kinazidisha tu unyevu juu ya unyevu.

Matumba mengine nayo yakaanguka, na kati ya yale tisa yalibaki mawili. Gadenia ni maarufu kwa hilo. Ikiyumbishwa kati ya kiu na mafuriko, matumba ndiyo ya kwanza kuyatupa.

## Mzani

Baada ya siku ile niliacha kukisia nikaanza kupima. Nina mzani wa jikoni unaobeba kilo 10. Niliweka chungu juu yake saa moja baada ya kumwagilia, kilipokwisha kuchuruzika: kilo 5.2. Kisha nikapima kila asubuhi huku nikiingiza kidole hadi kiungo cha pili. Kwenye kilo 4.3 kidole kilikuta udongo wa juu umekauka na chini yake ubaridi kidogo tu, na majani bado yamesimama. Hapo ndipo pa kumwagilia. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo tofauti ile ni karibu gramu 900, chini kidogo ya lita moja. Hiyo ndiyo safari ya maji kutoka kwenye jagi hadi hewani.

Wiki ya jua na upepo, safari ilichukua siku 4. Wiki ya mawingu, siku 9.

Niliitazama hiyo 4 na hiyo 9 kwenye daftari kwa muda mrefu. Mmea ule ule, chungu kile kile, dirisha lile lile. Ni ratiba gani ingeweza kulijua hilo?

Sikuwa wa kwanza kupima chungu. Stephen Hales, kasisi wa Uingereza, aliufunika udongo wa chungu cha alizeti ili maji yasivukie humo, akawa anakipima asubuhi na jioni kujua majani yametoa maji kiasi gani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1727: mchana unazidi usiku kwa mbali, na siku ya joto kavu huzidi zote. Kabla yake kulikuwa na Jan Baptist van Helmont, ambaye maandiko yake yalitoka mwaka 1648, baada ya kifo chake. Alipanda mche wa ratili 5 katika ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Mti ukafika ratili 169 na zaidi, udongo ukapungua wakia mbili hivi. Akahitimisha kwamba mti wote umetokana na maji.

Alihesabu maji kwa uangalifu mkubwa, na hewa, ambayo mti hujengea sehemu kubwa ya mwili wake, akaisahau. Ni yeye huyo anayetajwa kuwa ndiye aliyelitunga neno gesi. Nilipoyasoma hayo nilimwonea huruma kama mtu ninayemfahamu.

Siku hizi mzani nautumia mara chache. Mikono imejifunza. Nakishika chungu ukingoni, nakiinamisha kidogo, na jibu linakuja kabla sijafikiri. Wasio na mzani wataipata elimu hii kwa njia fupi zaidi: kinyanyue mara tu baada ya kumwagilia na kuchuruzika, ukinyanyue tena kila siku hadi udongo wa juu ukauke. Baada ya mizunguko mitatu minne mkono utakuwa umejua. Chungu kikiwa kikubwa hakinyanyuliki, kijiti kikavu cha mbao hufaa: kichomeke hadi chini, kiache dakika kumi, kichomoe. Kikitoka cheusi chenye chembe za udongo, subiri.

## Maji yenyewe

Sijasema neno juu ya maji ya aina gani, na kwa gadenia si jambo dogo. Inataka udongo wenye uchachu, pH 5 hadi 6 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa). Maji magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, hupunguza uchachu huo kidogo kidogo hadi mizizi ishindwe kuchukua madini ya chuma, na majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Manjano hayo si yale ya mafuriko, ambayo huanzia majani ya zamani chini. Maji ya mvua ndiyo mazuri kuliko yote, na mimi hukinga ninayoyapata.

Na namwagilia asubuhi, kwenye udongo, nikizunguka chungu chote taratibu, nasimama maji yazame, namimina tena, hadi yatoke chini. Kisahani nakimwaga baada ya nusu saa.

## Leo

Yale matumba mawili, moja lilifunguka na moja likaanguka bila kufunguka. Lile lililofunguka nililiweka kwenye bakuli la maji kando ya kitanda, likanukia usiku kucha, na siku ya tatu lilikuwa limegeuka rangi ya siagi.

Juzi shangazi alipiga simu kunijulia hali. Hakuuliza kama imechanua.

"Kilikuwaje leo?"

"Kati na kati, shangazi. Nimekiacha."

"Haya."

Leo asubuhi majani mawili ya juu yalikuwa yamelegea kidogo, na mkono wangu ukaenda kwenye jagi wenyewe. Nikakiinamisha chungu kwanza. Bado kizito, na jua lilikuwa linapiga dirisha moja kwa moja. Nikalirudisha jagi mahali pake. Jioni majani yalikuwa yamesimama.

Nitakinyanyua tena kesho.